Bi Zaituni Alipokwenda Matangani Berea

Katika siku nyingi nilizoishi Johannesburg, mwanangu, moja naikumbuka kuliko zote. Nilikuwa kijana, mlinzi wa duka la viatu pale Yeoville, na kwetu Burundi vita vilikuwa bado vinawaka. Hapa hakuna aliyeshika bunduki, lakini vita tulikuwa tumekuja navyo. Hata kinyozi ulimchagua kwa kuangalia ni wa upande gani. Ndivyo tulivyoishi, na hatukuona ajabu.

Basi siku hiyo akafa mtu katika ghorofa moja la Berea, mtaa wa jirani. Aliitwa Deo, akilinda magari ya watu barabarani na kuyaosha. Homa ya mapafu ilimchukua upesi. Kosa lake lilikuwa moja: kaka yake alikuwa kamanda wa wapiganaji katika misitu ya milimani kwetu. Kwa hiyo mkewe, Odette, alikaa na msiba wake peke yake. Warundi wa vyumba vya jirani walipita kama wanaopita duka lililofungwa. Nami nilipita.

Aliyeingia ni Bi Zaituni. Huyu alikuwa mama wa Buyenzi, mtaa wetu kule Bujumbura, mshona nguo, na ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu. Wanawe wawili waliuawa basi lao lilipotekwa na wapiganaji hao hao. Maiti zao hazikuonekana. Niliposikia yuko huko, nilirudi kumtafuta, nikamkuta jikoni kwa Odette, anasonga ugali wa waombolezaji ambao hawakuwapo.

Nikamwita kando. "Mama, hawa ndio waliokuulia wanao."

"Walioniulia wanangu walikuwa na bunduki," akasema. "Huyu alikuwa na ndoo na kitambaa. Kama umekuja kukaa, kaa. Kama umekuja kunifundisha uchungu wangu, rudi kazini."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikakaa. Watu waliposikia Bi Zaituni yuko pale, wakaanza kuja, wengine kwa aibu, wengine kwa udadisi tu, nisikudanganye. Lakini jeneza lilipata wabebaji.

Baada ya maziko kamanda alipiga simu, alipopata mtandao huko alikokuwa. Akamuuliza shemeji yake ni nani waliomzika mdogo wake. Odette akawataja, na alipofika kwa Bi Zaituni akaeleza pia yaliyowapata wanawe. Halafu kamanda akaomba kuzungumza naye.

Sisi tuliokuwa chumbani tulisikia upande mmoja tu. Bi Zaituni hakulia wala hakutukana. "Wa kwako nimekuzikia," alisema. "Wa kwangu sijui walipo. Kama una mtu anayejua, niambie, nami nizike." Akarudisha simu, akaomba maji ya kunywa.

Jibu lilichelewa, lakini lilikuja: shimo la pamoja, bondeni chini ya barabara, penye mikaratusi. Vita vilipopoa, jamaa za Bi Zaituni walikwenda, wakafukua, wakazika.

Kabla ya hapo, wakubwa wa pande zote walikuwa wakijadiliana, pengine hapa hapa Afrika Kusini, katika mahoteli ambayo sisi tuliyaona kwa nje. Wakatia sahihi. Lakini sahihi haimshushi mtu mlimani. Vikosi vingine vilisita, vikiogopa kulipiziwa kisasi. Kikosi cha kamanda yule kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuteremka na kuweka silaha chini. Baadaye alimwambia Odette kwamba vijana wake walimuuliza watapokewaje mjini, naye akawasimulia matanga ya mdogo wake.

Sisemi Bi Zaituni ndiye aliyemaliza vita. Vita vya nchi humalizwa na mengi: uchovu, njaa, majirani waliochoka kupokea wakimbizi, na watu wenye subira mezani. Nasema tu kwamba wale vijana walihitaji sababu ya kuamini, na yeye aliwapa mojawapo. Mwenyewe hakuwahi kutamka kwamba amesamehe. Nilipomuuliza, alisema hilo ni baina yake na Mungu.

Sasa wewe, mwanangu, uliyezaliwa hapa, ninayekusemesha Kiswahili ukanijibu Kizulu, nasikia vijana wenzako wakirushiana matusi kwenye simu juu ya vita vya Kivu, kule Kongo. Moto hauzimwi kwa moto. Usimbebeshe mtu dhambi ya ndugu yake. Jirani akifiwa, nenda. Ya siasa yatakungoja. Aliyeumizwa usimshurutishe asamehe, wala usimchochee alipize, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ikiwa unajua neno ambalo adui yako analihitaji ili apumzike, mpe, hata kama hajakuomba kwa adabu.

Mungu akujalie moyo wa kwenda kabla hujaitwa. Akuepushe na ulimi unaowasha usichoweza kuzima. Nchi zetu zikitulia, zikukute hai, una wajukuu wa kuwasimulia. Amina.