Mpaka Kizingitini

Hakimu wetu hanywi chai na mtu. Nina kibanda cha chai hapa langoni mwa mahakama, na kikombe chake humpelekea ofisini, kwa sababu anasema ukizoea kunywa na watu, kesho mmoja wao atasimama kizimbani na utamwonea haya. Ukimwamkia "kamwene" anaitika kwa sauti ndogo bila kupunguza mwendo. Harusini haendi. Msibani husimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula. Mahali pekee anapopokelewa na watu ni ukumbini: karani huita "Kooorti!", wote wakasimama, naye akainamisha kichwa kama mtu aliyechelewa ibada.

Juzi alimwachia Shedrack, kijana wa kiwanda cha mbao aliyeshtakiwa kwa kuhutubia mkutano bila kibali. "Uko huru," alisema, akavua miwani kama afanyavyo kila akimaliza hukumu. Shedrack hakufika hata kwenye kibanda changu. Wanaume watatu waliovaa kiraia walimpakia kwenye gari, wakaondoka naye. Hakimu alikuwa ametoka kupunga upepo, amesimama mlangoni, miwani bado mkononi. Mama wa kijana akamwendea.

"Mheshimiwa, si umesema yuko huru?"

"Nimesema, mama."

"Basi toka huku nje, ukaseme tena."

Alitazama kizingiti, akatazama vumbi la gari barabarani. Kisha akavaa miwani, akarudi ndani. Karani akaita "Kooorti!", na ukumbi mzima ukasimama.