Kipimo cha Matawi

Kwa nini baba mdogo aliupogoa mti wetu wa mringaringa upande mmoja tu? Nilikuwa mtoto. Nilisikia panga likigonga, nikanusa utomvu mbichi, nikaamini anamtafutia kuni mama yangu, mjane wa kaka yake.

"Beba hizo, mama," aliniambia kutoka juu, akicheka. "Leo mtapika mpaka makande."

Mchana huohuo wazee wa ukoo walifika shambani kwetu Itaka kugawa ardhi ya marehemu. Baba mdogo akasema kwamba kaka yake aliupanda ule mti, basi shamba lake linaishia pale mizizi ilipofika, na mizizi huishia pale matawi yanapoishia. Matawi ya upande wa kahawa yetu yalikuwa tayari yako jikoni kwetu.

"Shemeji, si umeyakata leo hii!" mama alipaza sauti.

"Mwanamke hapimi ardhi," mzee mmoja alimjibu, na wenzake wakaguna kukubali. Nani kati yao aliwahi kuchimba akaona? Hakuna aliyeuliza. Kahawa yote ikaenda kwa baba mdogo.

Juzi nilipita Vwawa, nikakuta mtaro mpya kando ya barabara, mizizi ya mti mmoja imening'inia humo, mbali kabisa kupita matawi yake. Chuoni nilikuwa nimeshafundishwa kwamba mizizi huenea kupita matawi, mara nyingi hata mara mbili ya upana wake. Kwa kipimo cha baba mdogo mwenyewe, kahawa ile ilikuwa yetu.