Viatu Vilivyokimbia Ulaya

Nyayo zangu ni bapa. Nikitoka kuoga, alama ninayoacha sakafuni ni mguu mzima, hauna kiuno. Magoti nayo yanaangaliana. Si matege, maana matege hutoka nje. Yangu huingia ndani yakagongana. Kwa mtu aliyezaliwa Uasin Gishu, kwenye nchi ya wakimbiaji, hii ni aibu ndogo ya kila siku, kwa sababu wageni hututazama miguu kabla ya uso.

Miaka hamsini sikujali, kwani hayakuuma. Yakaanza kuuma mwaka ambao binti yangu alichumbiwa. Nilitaka kitu kimoja tu: kumshika mkono kutoka mlango wa kanisa hadi madhabahuni bila kuchechemea mbele ya wakwe.

Hapa Eldoret kila mtu ni daktari wa miguu. Jirani yangu, mkimbiaji anayefanya mazoezi Kaptagat, akaniletea raba zake kuukuu.

"Mwalimu, vaa hizi. Hizi viatu zimekimbia Ulaya."

Nani angekataa? Nikazivaa wiki sita, shuleni, sokoni, hata nikikamua ng'ombe. Goti la kulia likavimba kama andazi. Nikasema dawa inaingia.

Mke wangu akaniburuta kliniki. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja asiyecheka, hakunishika goti kwanza. Aligeuza raba, akanionyesha soli ilivyolika upande wa ndani.

"Ni za nani?"

"Za bingwa."

"Bingwa wako ana nyayo bapa kuliko wewe. Umebeba shida yake juu ya yako."

Nilikasirika, jamani. Wiki sita! Na yule bado anashinda mbio. Fizio akanipa soli za ndani za kuinua unyayo, na zoezi: kushika ukuta, kusimama kwa vidole, kushuka polepole, asubuhi na jioni. Nililifanya hata darasani, nikishikilia ubao.

Siku ya harusi maumivu yalikuwa yamepungua, hayajaisha. Hatua ya nne kutoka mlangoni, goti likagoma. Nikachechemea waziwazi, wakwe wote wakitazama. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikakaza mwendo ili tumalize upesi.

Binti yangu akanivuta mkono.

"Baba, polepole," akasema. "Hata mimi sina haraka ya kukuacha."

Nililia hadi madhabahuni. Wakwe wakadhani ni goti, na sikuwasahihisha.