Sala ya Wasafiri

Nilipofukuzwa kambini Mbuya nilikuwa na godoro, sufuria mbili na mtoto mgongoni. Mume wangu alikuwa mwanajeshi, mtu wa kaskazini kama mimi, na waliomchukua ni wenzake waliokula naye ugali jana yake. Nyumba ya askari haikaliwi na mke asiye na askari. Padri mmoja wa Lubaga ndiye aliyenitafutia chumba kwa mjane wa Kiganda, mwenye vyumba vya kupangisha kwenye mteremko chini ya kanisa kuu.

Nimesema mjane, mwenyewe asingelikubali neno hilo. Mumewe, aliyekuwa mwalimu, alitolewa sebuleni na watu waliovaa kiraia. Ndugu za mume walitaka wazike mgomba badala ya mwili, maana ndivyo wafanyavyo mtu asipoonekana tena. Alikataa. Alisema mtu aliye safarini hazikwi.

Siku ya kwanza nilimsalimu kwa Kiswahili, kwa kuwa Luganda sikuijua na Kiingereza sikusoma. Beseni lilimponyoka mikononi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ndiye niliyekuwa ung'ongo. Waliomchukua mumewe walizungumza Kiswahili. Kikisikika katika ua ule, madirisha yalifungwa. Nikajifunza kuomba chumvi kwa vidole. Tangu usichana nilikuwa na ulimi mkali, na mama yangu akisema utanikosesha mume. Basi, mume nilimkosa, na ulimi nao ukafungwa.

Kila jioni, kabla giza halijaingia, wanawake wa ua tulikusanyika kwake kusali rozari. Mlango ulifungwa, tukakaa mkekani. Kwanza kila mmoja alitaja watu wake: marehemu, kisha wagonjwa, kisha wasafiri. Wasafiri walikuwa wengi kuliko mabasi ya kuwabeba, na hakuna aliyeuliza wamekwenda wapi. Mwenye nyumba alimtaja mumewe humo. Zamu yangu ikifika nilinong'ona jina la wangu, halafu nikapitisha shanga na kuomba moyoni kwa lugha ya kwetu.

Sikupata faraja yoyote, nisidanganye. Nilikwenda kwa sababu pale mkekani bega langu liligusana na bega la mtu. Mungu nilimwona kama ofisa mkubwa: yumo ndani, anasikia hodi, hafungui. Nilimkasirikia, na hasira hiyo pia niliipitisha kwenye shanga.

Alasiri moja alikuja mwanamume aliyekuwa ametoka gerezani. Hakumaliza hata chai tuliyompa, isiyo na sukari. Alikuwa seli moja na mwalimu, akasema, na ni yeye aliyemfumba macho alipokufa; hilo la mwisho nililielewa kwa mikono yake.

Nilingoja kusikia yowe. Badala yake mwenye nyumba alikuja mlangoni kwangu, macho makavu, akasema nami kwa Kiswahili ambacho sikujua kama anacho.

"Leo natoa bwana yangu kwa wasafiri, naweka yeye kwa marehemu," aliniambia. "Walimuchukua na Kiswahili. Wewe utamuombea na Kiswahili, nisikie hii lugha inasema kitu ingine."

Nilimwita Nnyabo, kwa heshima ya kwao, nikamwambia sitaweza. Akajibu kwamba rozari ni saa ile ile ya kila siku, akarudi kwake.

Jioni nilipiga magoti mbele yao. Sauti ilinitoka kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuitumia. Nikamwomba Mungu ampe mwalimu raha ya milele, amwangazie mwanga wake, amwondolee kila alichofanyiwa mle selini. Mwanamke mmoja aliinuka kuhakikisha dirisha limefungwa, akarudi kupiga magoti. Mwenye nyumba alilia bila sauti mwanzo hadi mwisho, ameushika mkono wangu hata pete yake ikaniumiza. Na mimi niliyekuwa nikibisha hodi siku zote hizo nikaona kwamba nimo ndani. Sijui nilifunguliwa saa ngapi. Najua tu kwamba hasira ilikuwa imenitoka, na nilimhurumia yule mwalimu nisiyemjua, kama ndugu yangu wa damu.

Nikamaliza. Hakuna aliyenihimiza, lakini wote walijua lililobaki. Kati ya waliochukuliwa kambini pamoja na mume wangu hakurudi hata mmoja, na hilo nililijua tangu siku niliyofunga godoro.

"Na wangu," nikasema. "Naye mtoeni kwa wasafiri."

Nilijaribu kuanza sala, nikashindwa. Mwenye nyumba alifuta uso kwa pindo la vazi lake la gomesi, akajisogeza karibu nami, akaanza kumwombea mume wangu sala ya marehemu kwa Luganda. Katika sala nzima nilielewa neno moja tu, nalo lilikuwa jina lake.