Kushoto Kwako

Jirani yangu wa mlango wa pili, hapa mjini Ploiești, hurusha ndege za vita kwenye kompyuta kila Jumapili mchana, akiwafundisha kwa intaneti wageni wa mchezo ambao hajawahi kuwatia machoni. Ukuta wetu ni mwembamba. Zamani niliugonga kwa ufagio. Siku hizi nazima redio nisikie. Kwanza huwasubiri kwenye uwanja wa ndege wa mchezoni, injini ikiunguruma, hata wakichelewa nusu saa. Kisha huanza, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa: "Polepole na usukani, Iustin. Usiogope, niko kushoto kwako." Wageni wana kosa lao moja: wakiona ndege yoyote, wanafyatua. "Umenitungua mimi, kaka! Adui yuko kule mbele, anakungoja." Hucheka, hurudi uwanjani, hungoja tena. Wakishaiva huhamia vikosi vya wakali, na wiki inayofuata nasikia jina jingine. Nikimpelekea sarmale, nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, hupokea bakuli kwa mikono miwili, nywele zimelala palipokaa hedfoni, halafu hushukuru na kufunga mlango.

Jumapili iliyopita mafundi walikata waya wa intaneti wa jengo zima tangu asubuhi. Mchana nikatoka kwenda kumwuliza kama ameambiwa intaneti itarudi lini. Pale ngazini kisanduku cha mtandao kilikuwa wazi, nyaya zikining'inia. Niliinua mkono nibishe hodi, nikamsikia ndani, polepole kama kawaida yake: "Usiogope. Niko kushoto kwako."