Wanataka Nimnenepeshe Mume Wangu Mpaka Afe

Ndugu wasomaji, nimeomba ukurasa huu unifichie jina, ingawa wifi yangu akisoma atajijua, na ajijue! Nina miaka thelathini na sita, watoto watano, tunalima tumbaku huku Inyonga.

Mwaka jana mume wangu alikutwa na kisukari. Daktari akaniambia mimi mpishi: ugali wake usizidi ngumi, mboga za majani zijae, asali aisahau. Sasa utampimiaje mtu anayekula sinia moja na kaka yake na vijana wanne? Nikamtengea sahani yake, ugali nikaupima kwa bakuli la uji la mtoto. Alinuna wiki nzima, mwisho akazoea. Baada ya miezi mitano tumbo likaisha, akawa analima mpaka saa sita bila kupumzika. Nilifurahi, jamani.

Watu wakanitilia mchanga kitumbua changu. Mtu kakonda, halafu anakula sahani ya peke yake! Kijiji kizima kikaamua ni ule ugonjwa. Wifi alisimama jikoni kwangu akasema, "We wifi, umemletea kaka ugonjwa, sasa unamnyima chakula ili afe haraka?"

Nikamwambia ni sukari. Akacheka. "Sukari wanaugua matajiri wa mjini. Huyu mkulima kaitoa wapi?"

Kilichoniuma zaidi ni mume wangu mwenyewe. Kadi ya kliniki anayo, angeionyesha yakaisha. Hakuionyesha. Siku watu walipomwachia benchi peke yake kanisani, alirudi akaisukuma sahani. "Mama watoto, unaniaibisha. Pika kama zamani. Bora nife na kitambi changu kuliko kunyooshewa vidole."

Nikamuuliza, "Na mimi na watoto?" Akainuka akaenda zake kwa dada yake. Mtu mzima kabisa!

Sasa anakula kwa dada yake, ugali wa kushiba watu watatu, na asali juu. Watu wanamsifu kwamba amepona, na mguuni ana kidonda wiki ya tatu hakikauki. Jumapili mama mkwe amenipa siku saba: nimpakulie mwanawe ashibe, la sivyo nirudi kwetu, aletewe mwanamke anayejua kupika. Mume wangu alikuwa amekaa palepale, anaitikia kwa kichwa.

Nina hasira, jamani. Nikiondoka, watamlisha mpaka wamzike. Nikibaki, wanataka nimuue mimi, kwa sufuria yangu. Nishaurini, na msiniambie nivumilie: huyu mtu nimpakulie kiasi gani?