Mizani ya Maharagwe

Juzi, mjini Arua, niliwaona wasichana wa sekondari kwenye foleni, wakipimwa uzito kabla ya mieleka. Nikacheka peke yangu.

Kwetu Lurujo mizani ilikuwa moja, ile ya kuning'inia ghalani, palipokuwa na harufu ya magunia ya maharagwe na muhogo mkavu. Kilichopimwa pale hakikurudi nyumbani. Wachuuzi walikipeleka Kongo. Asubuhi moja, nikiwa bado mdogo, nilimkuta dada yangu Keji ananing'inia kwenye kulabu ile, na mwalimu anaita, "Kilo arobaini na nane!" kwa sauti ileile ya wachuuzi. Nikamkumbatia miguu.

"Hapana uza yeye!" nililia.

Wakacheka tu, wakampakia kwenye lori pamoja na wenzake. Sikujua kwamba wanamieleka hupangwa kwa uzito, wala kwamba lori lilikuwa linaishia Koboko, kwenye mashindano ya shule.

Chakula kilinishinda. Jua likizama, Keji akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamshika mkono, nikauminya.

"Hawakununua wewe?"

"Wasichana watatu walijaribu kubeba mimi," akasema, akiivuta sahani yangu. "Wote ilianguka."